Mama Digrii na Joto la Mzambarauni

Ukifika Mzambarauni, kijiji kilicho kati ya Muheza na Tanga mjini, ukauliza nyumba ya Imakulata, watu watatazamana kwanza. Uliza nyumba ya Mama Digrii, utaonyeshwa mara moja. Jina hilo halikutokana na masomo, maana shule yeye aliishia darasa la saba, binti wa wakata mkonge waliotoka Songea na wasirudi tena kwao. Digrii zake ni za joto.

Chuo cha kilimo cha misheni kilichopo kijijini hapo kina kituo kidogo cha kupimia hali ya hewa. Imakulata alianza kazi chuoni kama mpishi wa wanafunzi, na mtunza kituo wa zamani macho yalipomfifia, akarithishwa yeye. Kituo chenyewe si kitu cha kutisha. Ni uwanja mdogo uliozungushiwa wavu. Ndani yake mna kopo refu la kukingia mvua, na kisanduku cheupe cha mbao kilichosimama juu ya miguu minne, ubavuni kimewekwa vibao vya mshazari ili upepo upite na jua lisiingie. Humo hulala vipimajoto. Kimoja hushika joto la juu kabisa la mchana, kingine hushika baridi ya mwisho ya usiku. Kila asubuhi saa tatu Imakulata hufungua kisanduku, husoma, hukikung'uta kile cha mchana mpaka kirudi chini, kisha hutuma namba kwa simu kwenda ofisi ya kanda.

Aliipenda kazi hiyo mno. Alikwenda kituoni akiwa na homa. Siku ya harusi ya binti yake, Precious, alikwenda na kitenge cha sherehe kimefungwa juu ya gauni la zamani, akasoma vipimo vyake, akarudi kuendelea na vigelegele. Na watu walimwamini. Wakulima wa kijiji walipokutana mwisho wa mwezi, mwenyekiti alimpa nafasi kabla ya mambo mengine yote. Imakulata alisimama, akasema mvua ilikuwa kiasi fulani, joto lilikuwa kiasi fulani, akaketi. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini neno lake lilikuwa na uzito.

Ndiyo maana namba zilipoanza kupanda, kijiji kizima kilijua.

Hazikupanda kwa kishindo. Mwanzoni ilikuwa nukta moja hapa, nukta mbili pale. Lakini miaka ilivyokwenda, zile asubuhi za mwezi wa saba ambazo zamani kipimajoto kilishuka hadi kumi na tisa, sasa kilikwama ishirini na moja, wakati mwingine ishirini na moja na nusu. Mchana nao ulizidi. Watu walikuwa wakisikia redioni kwamba dunia inapata joto, na walipomsikia Mama Digrii naye akisema hivyo hivyo, wakaona limeshafika mlangoni.

"Kwa mwendo huu," aliwahi kuuliza mkulima mmoja mkutanini, "wajukuu wetu watalima nini?"

Imakulata alijibu kwamba yeye husoma tu, hatabiri. Lakini alipokuwa akirudi nyumbani swali lile lilimfuata, kwa kuwa lilikuwa swali lake pia.

Mumewe, Laurenti, alikuwa fundi wa mashine za kusindika mkonge. Shamba la mkonge lilipofungwa, wafanyakazi waliobaki waligawiwa vipande vya ardhi bondeni, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka chuoni. Laurenti alihangaika na mahindi, akahangaika na mihogo, mpaka jirani yao Mwatima, mama wa Kipemba aliyeolewa huku tangu ujanani, alipomwambia aache kuisumbua ardhi.

"Ardhi hii yataka karafuu," alisema Mwatima. "Mie nimezaliwa chini ya mkarafuu, ardhi yake naijua kwa kunusa."

Akawaletea miche kutoka kwao Pemba, akawaonyesha namna ya kuchimba mashimo, akawaambia kwamba mkarafuu ni mti wa mtu mwenye subira. Mwenye haraka na apande mchicha. Laurenti alikuwa na subira. Alimwagilia ile miche kwa ndoo, akaisimikia makuti ya kuikinga na jua, na ilipomfika magotini, kisha kifuani, akawa anaizungumzia kwa majina ya watu aliofanya nao kazi kiwandani. Huu wa pembeni ni Tadeo, mbishi. Ule mnene ni Noa.

Sasa ilikuwa imebaki kidogo ianze kuzaa. Ndipo kikaja kiangazi kikali, na upande mmoja wa shamba ile mikarafuu ikaanza kukauka kuanzia vileleni. Majani yaligeuka rangi ya tumbaku, yakadondoka. Laurenti alimwita mkewe aje aone. Imakulata alisimama katikati ya miti ile, akakumbuka namba alizosoma asubuhi hiyo na mwezi ule na mwaka uliotangulia.

"Ni joto, Baba Precious," alisema. "Mkarafuu hauwezi joto hili. Na mwakani litazidi."

Laurenti hakubisha. Laiti angebisha! Katika mambo mengine ya nyumbani walikuwa wakivutana kila siku, chumvi, redio, mlango wa banda la kuku. Lakini katika jambo la joto Laurenti hakuwahi kumpinga mkewe. Alisema tu, "Wewe ndiye unayejua," akaokota jani moja lililokauka, akalikunjakunja mkononi mpaka likawa unga.

Tangu siku hiyo akawa mtu mwingine. Hakuugua, hakulalamika. Alinyamaza. Alikula, akajibu akiulizwa, jioni akaketi barazani akiangalia upande wa bonde. Precious, aliyekuwa akiishi Nguvumali na mumewe, alipopata habari alipiga simu akasema, "Mama, uzeni hilo shamba mje huku mjini, chumba kipo." Na mnunuzi naye akatokea. Aliitwa Asheri, mtu wa Korogwe, aliyetaka bonde lile akate viwanja vya nyumba. Hakuwa tapeli. Alikuja na heshima zake, akavua kofia alipoingia sebuleni, akanywa chai, akataja bei ambayo hakuna aliyeweza kuiita ya dhuluma. Wakakubaliana. Ikabaki siku ya kuandikishana mbele ya mwenyekiti wa kijiji.

Mwatima aliposikia hakuja kugomba. Alikuja kuketi. Aliweka mkoba wake chini, akakaa kwenye mkeka jikoni kwa Imakulata, akamsaidia kuchambua mchele.

"Shoga," alisema mwisho, "kwani kwetu Pemba hakuna joto?"

"Lipo. Lakini hili letu linapanda, Mwatima. Nalisoma kila siku kwa macho yangu."

"Haya," alisema Mwatima, akainuka. "Mie sina kipimajoto."

Siku chache baadaye ofisi ya kanda ilipiga simu. Sauti ya kijana mwenye adabu ilijitambulisha: anaitwa Godlisten, mkaguzi wa vituo, na angependa kuja Mzambarauni wiki hiyo hiyo, kwa kuwa namba za kituo cha chuo zilikuwa zimeachana sana na za vituo vingine vya ukanda huo. Alisema hivyo tu. Lakini kwa Imakulata hayo yalitosha. Kuachana na wenzako katika kazi ile kulikuwa na maana moja tu aliyowahi kuisikia. Kulikuwa na mtunza kituo mmoja, zamani, sehemu nyingine, aliyeachishwa kazi kwa kukaa nyumbani na kutunga vipimo. Watu wa kazi ile walimtaja kama mwizi.

Alimwambia Laurenti. Laurenti alitoka kidogo katika ukimya wake. "Wewe utunge namba?" alisema. "Wewe uliyekwenda kupima siku ya msiba wa mama yako?" Akatikisa kichwa, akarudi kutazama bonde.

Godlisten alifika kwa gari lenye vumbi hadi kwenye vioo. Alikuwa mrefu, mtu wa Kilimanjaro kwa lafudhi, na jambo la kwanza alilofanya ni kuinama kidogo na kusema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Imakulata alikuwa amejiandaa kwa maswali makali, lakini kijana hakuuliza kitu. Alitoa kwenye gari vipimajoto vyake alivyovifungia kwenye boksi lenye sifongo, akaviweka kando ya vile vya kituo, akasubiri. Walisoma pamoja. Alimwomba asome yeye kwanza, kisha akasoma mwenyewe. Saa nzima walikuwa wakifanya hivyo, mara kwa mara, na Imakulata alijihisi kama mwanafunzi anayesahihishiwa daftari mbele ya darasa.

"Basi," alisema Godlisten, akajifuta uso. "Vipimajoto vyako ni vizima. Na macho yako ni mazima kuliko yangu. Namba ulizotuma ndizo zilizokuwemo ndani ya kisanduku."

Imakulata alishika nguzo ya wavu. "Kwa hiyo sikutunga."

"Kutunga?" Godlisten alimtazama kwa mshangao. "Mama, hakuna aliyesema umetunga. Mtu anayetunga hupatana na jirani zake. Wewe hujapatana nao, ndiyo maana nimekuja."

Imakulata alicheka kidogo kwa pumzi iliyomtoka, nafuu yake ya kwanza tangu ile simu. Lakini ile nafuu haikudumu, kwa sababu ilileta swali jingine. Kama vipimo ni vya kweli, basi joto ni la kweli, na shamba kweli limekwisha.

Godlisten hakuwa akimtazama tena. Alikuwa akizunguka kituo, nje ya wavu, polepole, mikono nyuma.

"Mama, zamani hapa palikuwaje?"

"Hapa wapi?"

"Hapa kote."

Imakulata akaanza kumweleza, na alipokuwa akieleza alijisikia akiyaona mambo aliyoyapita kila siku. Pale upande wa mashariki palikuwa na majani ya ng'ombe wa chuo, yakimfika mtu kiunoni. Pale nyuma palikuwa na mikorosho. Kisha chuo kilikosa uwezo, kikakodisha eneo kwa mwenye malori ya kubeba kokoto. Mikorosho ikakatwa. Mwenye malori akamwaga zege uwanja mzima ili magari yasizame masika, akajenga ghala la bati. Mwaka uliofuata wakaja mafundi wa kufyatua bloku za saruji, wakazianika mpaka kwenye wavu wa kituo. Yeye alilalamika, ndiyo, lakini alilalamikia vumbi kuingia kwenye kopo la mvua na madereva kukojoa kwenye wavu. Joto halikumjia kichwani. Kisanduku hakikuwa kimehamishwa hata hatua moja. Kilikuwa palepale kilipowekwa na wamisionari. Yeye alidhani kituo kisipohama, basi hakuna kilichobadilika.

"Weka mkono hapa," alisema Godlisten, akagusa sakafu ya zege.

Aliweka, akauondoa haraka.

"Hii inakunywa jua mchana kutwa. Jua likizama, majani na udongo mbichi hupoa upesi. Zege haipoi upesi. Inaurudisha ule moto kidogo kidogo hadi alfajiri, na kisanduku chako kiko jirani yake kinaupokea. Ndiyo maana usiku wako ndio uliopanda zaidi. Na ghala lile linazuia upepo wa baharini uliokuwa ukipita hapa mchana."

Imakulata alisimama akiangalia malori. Alijua kila lori kwa sauti yake. "Kwa hiyo joto halijapanda?"

"Hapana, limepanda," alisema Godlisten. "Sitaki nikudanganye, mama. Limepanda Tanga, limepanda Pangani, limepanda kila mahali ninapokwenda. Lakini si kwa kiasi hiki. Sehemu kubwa ya hiki ulichokuwa ukisoma ni uwanja huu. Ni kiasi gani hasa, siwezi kusema nikiwa nimesimama. Nahitaji kupima mahali pengine hapa karibu penye udongo na majani, pasipo na ukuta wala zege, nilinganishe."

Hapo Imakulata akageuka kutazama upande wa bonde. "Kuna shamba," alisema. "Bondeni. Ni letu. Yaani, hadi Ijumaa ni letu."

Walikwenda kwa gari hadi njia ilipoishia, wakamalizia kwa miguu. Laurenti alikuwepo. Aliwaona wakishuka na kasha jeupe la kubebeka, la kuwekea vipimajoto, akadhani ni watu wa Asheri waliokuja kupima viwanja, akaweka jembe chini akasimama kama mtu anayengoja hukumu. Imakulata alimweleza kwa maneno machache. Hakumwambia mengi, kwa kuwa aliogopa kumpa mume wake tumaini ambalo lingeweza kunyang'anywa tena. Laurenti aliwasaidia kuchimba mashimo ya miguu ya kasha, kwenye majani, mbali kidogo na miti.

Kisha wakaanza kungoja. Godlisten alipanga chumba cha wageni chuoni. Asubuhi Imakulata alisoma kituoni, kijana alisoma shambani, wakakutana njiani kulinganisha. Siku ya kwanza Godlisten alisema siku moja si kitu. Ya pili akasema hivyo hivyo, ingawa alikuwa akitabasamu. Imakulata alimpigia Asheri simu mwenyewe, akamwomba asogeze mbele siku ya kuandikishana. Asheri aliguna, akauliza kama kuna mnunuzi mwingine. Imakulata akamwapia kwa Mama Bikira Maria kwamba hakuna, ila kuna jambo la vipimo. "Vipimo vya mipaka?" aliuliza Asheri. "Vya joto," alijibu. Asheri akasema kwamba tangu azaliwe hajawahi kusikia biashara ya shamba ikisimamishwa na joto, lakini haya, atangoja.

Ilikuwa wiki ya pili, asubuhi yenye umande, Godlisten alipomwambia aje asome yeye mwenyewe kule bondeni. Aliinama mbele ya lile kasha. Kituoni, asubuhi ileile, alikuwa amesoma ishirini na moja na nukta nne. Hapa ilikuwa kumi na tisa na nukta tano. Alisoma tena. Akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akasoma mara ya tatu.

"Kila siku ni hivyo hivyo?"

"Kila siku. Karibu digrii mbili alfajiri, na mchana digrii moja na kitu. Nimelinganisha na vituo vingine vya ukanda huu, vile vilivyo katikati ya majani. Shamba lenu linafanana navyo. Joto limeongezeka kidogo kuliko zamani, lakini halijalizidi la Pemba, na huko mikarafuu inazaa."

Imakulata aliketi chini, pale pale kwenye umande, gauni likalowa. Hakulia. Alipumua tu, kwa muda mrefu, na alipopumua alihisi mabega yakishuka kutoka mahali yalipokuwa yamebanwa kwa miezi mingi bila yeye kujua.

Laurenti alikuwa upande wa pili wa shamba. Alimwita. Alipofika akamwambia yote, na safari hii hakuficha kitu. Laurenti alisikiliza hadi mwisho. Uso wake haukubadilika, hata Imakulata akaanza kufikiri hakumwelewa.

"Kwa hiyo si joto," alisema Laurenti.

"Si joto hilo nililodhani."

"Basi hii miti imekauka kwa nini?"

Lilikuwa swali la haki. Godlisten alisema waziwazi kwamba yeye ni mtu wa hewa, miti haijui. Akatumwa kwenda na gari kumchukua Mwatima.

Mwatima alikuja na buibui lake limepindwa kiunoni. Hakutazama vilele vilivyokauka. Alipiga magoti kwenye shina la mkarafuu ule ulioitwa Tadeo, akaomba panga, akaparua udongo na gamba chini kabisa. Ndani yake mlikuwa na vijia vya udongo mwembamba, na mchwa weupe wakakimbia huku na huku.

"Lahaula! Huyo hapo mwenye shamba," alisema Mwatima. "Kiangazi hana pengine penye unyevu pa kula, anakula huku. Kile kisiki kikuukuu cha mwembe mlichokiacha pale ndiyo nyumba yake. Hebu, Laurenti, weye wajua mashine, mchwa huwajui?"

"Sijawahi kutengeneza mchwa," alisema Laurenti.

Lilikuwa jambo dogo, hata si mzaha mkubwa, lakini Imakulata hakuwa amemsikia mumewe akitania tangu kiangazi. Mwatima aliangua kicheko, Godlisten akacheka, na Laurenti mwenyewe akaanza kutikisika mabega, akageukia upande wa miti, na Imakulata alipomwona anajifuta macho kwa kiganja chenye udongo hakumfuata. Alimwacha na miti yake.

Asheri aliambiwa siku hiyo hiyo. Alikuja, akanywa chai tena, akalalamika kwamba chai ya nyumba hii imemgharimu nauli nyingi kutoka Korogwe. Kisha akasema shamba ni la mwenyewe, na mtu asiyetaka kuuza haandikishwi. Alipokuwa akivaa kofia aliuliza kama karafuu zikizaa anaweza kupata za kupeleka kwa mama yake, anazipenda kwenye pilau. Laurenti akasema atapata.

Lilibaki jambo moja, nalo Imakulata aliliogopa kuliko yote. Mkutano wa wakulima ulikuwa unakaribia, na ilimpasa kuwaambia watu. Hasa ilimpasa kumwambia Uweso. Mzee huyu, Mbondei wa pale pale, alikuwa na mikarafuu michanga mingi kuliko wao, na mwaka uliotangulia, baada ya Imakulata kusimama mkutanini na kutaja namba za joto, Uweso alikwenda akaikata yote. Wote walijua. Yeye mwenyewe alipita akaona visiki.

Hakungoja mkutano. Alikwenda kwake asubuhi baada ya kusoma vipimo. Uweso alikuwa akimenya mihogo mlangoni.

"Shikamoo, babu Uweso."

"Marahaba, Mama Digrii. Leo kuna digrii ngapi?"

Alimweleza akiwa amesimama, kwa kuwa hakujiona ana haki ya kuketi. Alieleza uwanja wa malori, zege, na tofauti aliyoisoma bondeni. Mwisho akasema, "Mikarafuu yako, babu. Uliikata kwa maneno yangu."

Uweso aliendelea kumenya. Kisu kilizunguka muhogo hadi ganda likaanguka zima.

"Nani amekwambia niliikata kwa maneno yako?" alisema. "Niliikata kwa kuwa nilitaka mihogo. Wajukuu wanataka kula leo, karafuu zinataka miaka saba. Usijipe ukubwa, mwanangu. Keti ule."

Imakulata aliketi, akala. Hadi leo hajui kama mzee yule alisema kweli au alimhurumia tu. Amewahi kuuliza mara moja tena, akajibiwa hivyo hivyo, kwa ukali kidogo, akaacha. Ila Mwatima alipokuwa akiagiza miche mipya ya kuziba mapengo yao, Imakulata alimwambia aagize zaidi, na ile ya zaidi ilipelekwa mlangoni kwa Uweso bila maneno. Uweso aliipanda, katikati ya mihogo.

Mkutanini Imakulata alisimama kama kawaida. Aliwaambia kwamba namba alizokuwa akiwasomea zilikuwa za kweli, lakini zilikuwa za uwanja wa malori zaidi kuliko za mashamba yao. Joto limeongezeka, alisema, na ni kosa kulipuuza, wapande vivuli, wafunike udongo kwa majani. Lakini bonde lao bado ni bonde. Ikapita minong'ono, kisha yule mkulima aliyewahi kuuliza juu ya wajukuu akasema kwa sauti, "Alhamdulillahi," na wengine wakaitikia, Waislamu na Wakristo.

Kituo chenyewe kilihamishwa. Chuo kilikubali kutoa kipande cha malisho nyuma ya zizi, mbali na majengo yote, na ofisi ya kanda ikaleta kisanduku kipya. Lakini Godlisten alisema cha zamani kisivunjwe bado. Kwa muda vitasomwa vyote viwili, ili tofauti yao ijulikane vizuri, na zile namba za miaka iliyopita ziweze kurekebishwa badala ya kutupwa. Imakulata alifurahi kusikia hivyo kuliko alivyotarajia. Alikuwa amefikiri miaka yake yote pale imekwenda bure. Sasa ana mizunguko miwili kila asubuhi, na magoti yanamlalamikia, lakini hakuna aliyemsikia akiomba apunguziwe.

Ile miche mipya waliipanda mvua za vuli zilipoanza. Kisiki cha mwembe kilikuwa kimeng'olewa, na mashimo yalikuwa yametiwa majivu kama Mwatima alivyoagiza. Imakulata alishika miche, Laurenti akafukia. Mvua ilikuwa nyepesi, ya kulowesha bila kufukuza mtu. Laurenti alianza kusimulia kisa cha mashine ya kiwandani iliyogoma siku ambayo meneja aliwaleta wageni, na jinsi Noa, yule mnene, alivyoipiga teke ikawaka huku wageni wakipiga makofi. Imakulata alikuwa amekwisha kukisikia kisa hicho mara nyingi, na katika nyakati nyingine angemwambia hivyo. Alinyoosha mkono akampa mche mwingine, akauliza, "Kisha meneja akasema nini?"